Kwa Anayeanza Kuifuata Besiboli: Mshabiki wa Kweli Hutazama Nini

Anayeanza kuifuata besiboli huhangaika na mambo yasiyo na uzito: avae kofia ya timu gani, akariri takwimu ngapi, aseme nini ili wazoefu wasimwone mgeni. Miaka niliyoutazama mchezo huu pamoja na mashabiki wa kila aina imenionyesha kwamba hayo hayamtambulishi mtu. Ukitaka kumjua mshabiki wa kweli, mwangalie anafanya nini wakati mpira ungali mkononi mwa mrushaji. Mgeni wakati huo hushika simu. Mshabiki ndipo anapokaza macho.

Muda huo ndio sehemu kubwa ya mchezo. Hata baada ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani kuweka saa ya kurusha mwaka 2023, mrushaji hupewa sekunde 15 kabla ya kila mpira ikiwa vituo, yaani pembe za uwanja ambazo wapigaji hukimbilia, viko vitupu, na sekunde kadhaa zaidi ikiwa kuna mkimbiaji kituoni. Mpira wenyewe, ukirushwa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa kutoka umbali wa mita 18.44, humfikia mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashindano baina ya watu hawa wawili huwa imekwisha kupangwa kabla mkono haujainuka, na asiyeyafuatilia maandalizi hayo huona matokeo matupu, kisha hulalamika kwamba mchezo unachosha.

Anza na hesabu ya boli na straiki, na usiende mbele kabla hujaizoea. Mpira unaopita nje ya eneo la straiki, yaani nafasi iliyo mbele ya mpigaji kati ya magoti na kifua, bila yeye kuupigia gongo huwa ni boli, na boli nne humpa kituo cha kwanza bila jasho. Straiki ni mpira unaopita ndani ya eneo hilo bila kupigwa, au anaouzungushia gongo akaukosa, na straiki tatu humtoa. Kanuni hiyo huelezwa kwa dakika moja, lakini athari zake ndizo zinazojaza mchezo mzima. Ikiwa hesabu ni boli tatu bila straiki hata moja, mrushaji amebanwa: hana budi kuutupa mpira ndani ya eneo, na mpigaji anajua hivyo, naye mara nyingi huuacha mpira unaofuata upite makusudi akitumaini kupewa kituo. Ikiwa ni straiki mbili bila boli, mambo hugeuka, kwa kuwa sasa mrushaji anaweza kutupa mpira unaoinama hadi chini ya magoti, akijua kwamba mpigaji mwenye hofu ya kutolewa atashawishika kuukimbilia. Tazama glavu ya mdakaji wakati huo: huanza katikati, kisha yeye mwenyewe husogea taratibu upande wa nje akiwa amechuchumaa, dakika ya mwisho kabisa, ili mpigaji asisikie mchanga ukikwaruzwa nyuma yake. Katika hesabu nyingine, tazama pia mlinzi wa kituo cha tatu. Akisogea mbele hatua chache, anahofia kwamba mpigaji ataugusa mpira tu ili uanguke karibu na kumlazimisha aufuate mbio. Televisheni, kwa bahati mbaya, huficha mengi ya haya kwa sababu kamera hukaa nyuma ya mrushaji. Ukipata nafasi ya kuingia uwanjani, usiikodolee macho runinga kubwa iliyotundikwa huko.

Njia bora ninayoijua ya kuyafunza macho ni kuandika mchezo kwa kalamu kwenye karatasi. Kila mlinzi ana namba yake, isiyohusiana na ile ya mgongoni: mrushaji ni 1, mdakaji 2, walinzi wa kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu ni 3, 4 na 5, anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6, na wale watatu wa nyuma, kuanzia kushoto, ni 7, 8 na 9. Mpigaji akipiga mpira wa chini ukadakwa na 6, akampa 4 amtoe mkimbiaji kwenye kituo cha pili, naye akautupa kwa 3 kabla mpigaji hajafika, unaandika 6-4-3 na watu wawili wametoka kwa tukio moja. Herufi K ni ya aliyetolewa kwa straiki tatu, na ikiwa ya tatu aliitazama tu ikapita bila kuzungusha gongo, wengi huiandika K hiyo ikiwa imegeuzwa. Mwanzoni utachelewa na kukosea, hilo halina neno. Faida yake huja mchezo unapofika katikati, mrushaji anapokutana na wapigaji wale wale kwa mara ya tatu: karatasi yako itakuonyesha kwamba waliokuwa wakipiga mipira dhaifu ya chini sasa wanaipiga kwa nguvu na moja kwa moja, na utajua kocha anatembea kuelekea kwa mrushaji kwa sababu gani kabla mtangazaji hajasema lolote.

Kuhusu takwimu nina maneno machache. Wastani wa mapigo, yaani mara ngapi mpigaji hufanikiwa kupiga kati ya majaribio yake, hauhesabu vituo anavyopewa mpigaji kwa boli nne, hivyo wawili wenye wastani ule ule wanaweza kuwa tofauti kabisa kwa manufaa yao kwa timu. Jifunze kila namba inahesabu nini na inaacha nini. Anayezikariri ili kuwanyamazisha wengine anachosha, hata akiwa sahihi.

Jambo gumu zaidi kwa mgeni ni kuzoea kushindwa. Kila timu ya ligi ya Marekani hucheza michezo 162 kwa msimu wa kawaida, na hata iliyo bora hupoteza zaidi ya 50 kati ya hiyo karibu kila mwaka. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi ni nyota. Ted Williams wa Boston Red Sox alifikisha wastani wa .406, yaani zaidi kidogo ya mara nne kati ya kumi, mwaka 1941, na tangu hapo hakuna aliyevuka .400 kwa msimu mzima katika Ligi ya Amerika wala Ligi ya Taifa, zile mbili zinazounda Ligi Kuu. Mashabiki wa timu yake walingoja ubingwa kutoka 1918 hadi 2004, na wale wa Chicago Cubs kutoka 1908 hadi 2016. Sikubaliani, hata hivyo, na wazee wanaodai kwamba mateso ndiyo cheti cha ushabiki. Aliyeanza kuipenda timu ikiwa bingwa hana hatia yoyote; swali ni kama atakuwapo mwezi wa nane, timu ikiwa mkiani na mrushaji mgeni akijaribiwa, kwa sababu bado anataka kuona kijana huyo anatupa nini akiwa na boli tatu dhidi yake.

Adabu nazo hutofautiana. Nchini Japani mashabiki huimba kwa tarumbeta timu yao inapopiga, kila mpigaji na wimbo wake, kisha hupunguza kelele zamu ya wapinzani inapofika. Nchini Marekani kelele hupanda na kushuka kufuatana na hesabu, na si ajabu wenyeji kusimama kumpigia makofi mrushaji wa wapinzani aliyewazuia wapigaji wao wasipate pigo hata moja mchezo mzima.

Kwa hiyo usianze na fainali, ambako kila mtu ana wasiwasi na hakuna atakayekueleza kitu. Chagua timu moja ambayo michezo yake huoneshwa saa unazoweza kukaa macho, kisha ifuate kwa michezo yote ya mfululizo mmoja dhidi ya mpinzani yule yule, ambayo kwa kawaida huwa mitatu kwa siku tatu. Mchezo wa kwanza utakuonyesha watu. Wa pili utakuonyesha mrushaji wa akiba aliyetumika sana jana akibaki ameketi. Na wa tatu utakuonyesha kocha akilazimika kumwita mtu ambaye, kama angekuwa na chaguo, asingemwita.