Taarifa ya habari kutoka Harpers Ferry, darasani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi hapa Ohio. Nina watoto 12 wa miaka 9 hadi 12, wengi wao wazazi wametoka Kongo, Tanzania na Kenya. Shuleni wamesomeshwa habari za John Brown, Mmarekani mweupe aliyepigania kufutwa kwa utumwa, na uvamizi wake wa mji wa Harpers Ferry mwaka 1859, nami nikaona tuigize taarifa ya habari, na watangazaji, maripota na mashuhuda wa kuhojiwa. Siku ya majaribio wavulana waliishia kupigana bunduki za vidole. Binti niliyempa nafasi ya mtumwa alinyamaza mpaka saa ya kwenda nyumbani, na jioni mama yake akanipigia simu. Nirekebishe wapi? Na wakiniuliza kama Brown alikuwa shujaa au muuaji, niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mama yule alikuwa na haki ya kupiga simu. Anza kwa kumwomba radhi binti yake, kisha futa nafasi zote isipokuwa za chumba cha habari. Asiwepo mtoto wa kuwa mtumwa, wala bwana wa watumwa, wala Brown, wala askari. Mtoto mweusi akisimamishwa mbele ya wenzake aitwe mtumwa, fedheha anayoisikia ni ya kweli hata kama mchezo ni wa kubuni. Wote 12 wawe mhariri, maripota, watangazaji na wakagua habari. Mashuhuda waje kwa maandishi, kila mmoja kwenye kadi yake. Bunduki nazo zitapotea zenyewe, maana ripota yuko nje ya jengo na kazi yake ni kueleza.

Siri ya zoezi ni kuwapa habari kwa vipande, kama zilivyofika siku ile. Ukiwasimulia kisa chote kwanza, hawaripoti tena, wanakariri.

Kadi ya kwanza ni ya kondakta wa treni. Usiku wa Jumapili, tarehe 16 Oktoba, Brown alitoka kwenye shamba alilokuwa amepanga Maryland kwa jina la uongo, Isaac Smith. Akavuka daraja la mto Potomac na watu 18, akiwaacha watatu nyuma, akateka kiwanda na ghala la silaha la serikali pale Harpers Ferry, Virginia. Alikusudia kuwapa silaha watu waliotiwa utumwani na kuwaongoza milimani. Nyaya za telegrafu zilikatwa. Treni iliyokuwa ikielekea Baltimore ilisimamishwa usiku huo, ikaachiwa asubuhi, na kondakta akapeleka habari kutoka stesheni ya kwanza aliyoikuta na waya mzima. Alisema waasi ni kama 150. Wakubwa wake wa reli hawakumwamini.

Wape dakika tano waandike sentensi mbili, na mtangazaji azisome hewani. Karibu wote wataandika "Waasi 150 wameteka mji." Usiwasahihishe. Leta kadi inayofuata: wavamizi, pamoja na Brown mwenyewe, walikuwa 22. Sasa mhariri lazima atoe masahihisho hewani, kwa sauti ile ile iliyotangaza kosa. Hapa ndipo somo la historia linapokutana na somo lako la Kiswahili. Wafundishe "kwa mujibu wa kondakta" na "kondakta anasema", na upige marufuku neno "inasemekana", kwa sababu linamficha aliyesema. Mtoto wa miaka tisa akishaelewa kwa nini neno hilo limekatazwa, amepata kitu ambacho watu wazima wengi hawana.

Kadi ya Heyward Shepherd ndiyo ngumu kuliko zote, na tafadhali usiiruke. Alikuwa mtu mweusi huru, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, na ndiye wa kwanza kuuawa. Aliyempiga risasi alikuwa mmoja wa watu wa Brown. Isome polepole, kisha waache wakae nayo kabla hawajaandika.

Baada yake weka Dangerfield Newby. Alizaliwa utumwani akapata uhuru, lakini mkewe Harriet na watoto wao walikuwa bado mali ya mtu Virginia. Alijaribu kuwanunua. Harriet alimwandikia akimsihi aje, kwa hofu ya kuuzwa mbali. Newby aliuawa Harpers Ferry, wa kwanza kuanguka upande wa wavamizi, na barua za mkewe zikabaki. Waliyoutenda watu mwili wake yasiingie darasani kwa umri huu.

Mwisho wa mapambano uende haraka. Asubuhi ya tarehe 18 askari wa kikosi cha wanamaji, chini ya Kanali Robert E. Lee, walivunja kwa ngazi mlango wa jengo la zimamoto alimojifungia Brown na mateka wake. Kati ya wale 22, kumi walikufa, saba walinyongwa baadaye, Brown akiwa mmoja wao, na watano walitoroka.

Kisha kuna mahojiano, na haya hayahitaji kubuniwa. Brown akiwa amelala chini, amejeruhiwa, alihojiwa na wakubwa akiwemo gavana wa Virginia, na ripota wa gazeti la New York Herald akayaandika. Watoto watunge maswali yao, nawe uwasomee majibu yake halisi yaliyochapishwa. Pale ambapo hana jibu, waandike "hakujibu." Mtoto asimtungie maneno.

Sasa, shujaa au muuaji? Hewani, chumba cha habari kinaripoti nani alimwita nini. Aliponyongwa tarehe 2 Desemba kengele za makanisa zililia katika miji kadhaa ya Kaskazini, na Kusini, kwenye majimbo ya utumwa, hofu ikatanda. Frederick Douglass, mpinga utumwa mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na aliyekuwa rafiki yake, alikataa kwenda naye kwa kuona anaingia mtegoni, lakini aliendelea kumheshimu. Nje ya studio, mwambie mtoto unachoamini wewe. Mimi huwaambia kwamba watu karibu milioni nne walikuwa wakishikiliwa kwa nguvu, na kwamba Shepherd hakustahili kufa. Naamini yote mawili. Ila jihadhari na ile "mizani" ya kuwapa wamiliki wa watumwa dakika sawa za kujitetea. Njia aliyochagua Brown inajadilika. Utumwa haujadiliki.

Neno lenyewe pia litumie. "Mtumwa" ni yule aliyetumwa, basi ripota ana haki ya kuuliza: ametumwa na nani? Mtoto mmoja atauliza kuhusu kwetu. Mwambie kweli: Zanzibar palikuwa na soko la watumwa hadi 1873.

Kabla ya kufunga matangazo, mhariri aulize nani hajahojiwa. Magazeti ya wakati ule yaliwategemea sana maofisa, na yalisema watumwa wa eneo lile hawakutaka kushiriki. Osborne Anderson, mvamizi pekee mweusi aliyetoroka, alichapisha ushuhuda wake mwaka 1861, akieleza kwamba wako waliojiunga. Hiyo ni taarifa nzima ya pili, na wale wa miaka 12 wataiweza.

Na kwa kuwa mko Ohio, mna bahati. Lewis Leary na John Copeland, wavamizi wawili weusi, walitokea mji wa Oberlin, na katika bustani moja ya mji huo kuna jiwe la ukumbusho lenye majina yao pamoja na la mvamizi mwenzao mweusi, Shields Green. Rekodini taarifa ya mwisho hapo, kwa simu. Majina yote matatu yasomwe na binti yule, kama mwenyewe atapenda.