Mdogo wako anataka kuwa sista mwalimu? Haya ndiyo niliyoyaishi

Ndugu yangu, umeuliza maisha ya sista mwalimu yakoje, kwa kuwa mdogo wako amemaliza kidato cha nne, anataka kwenda utawani, na baba yenu anasema binti aliyezoea jembe hawezi kukaa kimya kanisani. Nakujibu kama mhusika. Mimi ni sista, mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wa Rombo, Kilimanjaro, mtoto wa tano kati ya wanane.

Kwenye jembe mzee amekosea. Kwetu tulichuma kahawa iliyoiva tu, jioni tunaimenya kwa mashine ya mkono, tunaivundika mpaka utelezi ulegee, ndipo tunaiosha. Mama alikuwa anachota mbegu kiganjani anazisugua: zikikwaruza kama changarawe, zimetakata, zikiteleza, rudia. Maji ya mfereji usiku yanakata vidole kwa baridi, lakini ukilipua, kahawa inashushwa daraja ushirika. Kwa hiyo kengele ya saa kumi na moja kasoro robo haikunitisha. Nilishazoea kuamka kukata majani ya ng'ombe. Na utawani jembe lipo. Masifu ya asubuhi, tafakari, Misa, chai, halafu bustani, nguruwe, shamba la mahindi kule tambarare.

Niliingia mwaka 1990. Mwaka uliotangulia mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na majirani wakasema nimekimbilia usista kwa sababu baba hana ada. Yaliniuma, na baba yalimuuma zaidi. Ukweli ni kwamba niliwapenda masista walionifundisha. Shule yetu ilikuwa ya misheni hadi serikali ilipotaifisha shule mwaka 1970, lakini wao walibaki wakifundisha. Mmoja alikuwa anatufuta makamasi kwa leso yake mwenyewe, kisha anaendelea na hesabu za kugawanya. Nilitaka kuwa kama yeye.

Nilisomea ualimu wa daraja la tatu A, cheti cha kufundisha shule ya msingi, miaka miwili, nikapangiwa shule ya kijijini. Darasa la nne kulikuwa na mvulana anayekosa shule siku mbili kila wiki. Mwalimu mwenzangu alitaka achapwe. Nikaenda kwao, nikamkuta anapalilia maharage na mama yake, mtoto mchanga amelazwa kwenye khanga chini ya mgomba. Sikusema kitu kwanza. Niliomba jembe, tukamaliza matuta mawili, ndipo tukazungumza. Tulikubaliana aje kila siku hadi saa sita, na Jumamosi mimi na wanafunzi wawili tuje kupalilia. Alimaliza la saba. Mama yule hakunisikiliza kwa sababu ya msalaba kifuani. Alinisikiliza kwa sababu nilijua kushika jembe.

Sasa magumu, maana sitaki mdogo wako adanganywe. Watu hudhani useja ndio mzigo mkubwa. Kwangu ulikuwa utii. Nilishahamishwa mwezi wa sita nikiwa na darasa la saba, miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa. Watoto walinifuata hadi kituo cha basi. Nilikwenda, lakini nililia njia nzima, na hadi leo naamini uamuzi ule haukuwa mzuri. Halafu ufukara. Mshahara unaingia mfuko wa jumuiya, wangu sio wangu. Mama alipolazwa, kaka alinipigia akitaka nichangie kama wengine. Niliomba kwa sista mkuu wa jumuiya yetu, nikapewa kidogo, na ndugu zangu hawakuelewa kwamba mtu anayelipwa kila mwezi anaweza asiwe na shilingi. Wazee wenu waelezwe hili mapema, wasije wakamhesabia mshahara wake.

Hofu ya kwamba akiingia ndio kafungwa, iondoeni. Sheria ya Kanisa haimruhusu kuanza unovisi, kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, kabla hajatimiza miaka 17. Unovisi wenyewe haupungui miezi kumi na miwili, na novisi anaweza kuondoka wakati wowote. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka mitatu hadi sita, na zikiisha akiona siyo njia yake anarudi nyumbani bila kosa. Za daima zinakuja baadaye, na hapo lazima awe ametimiza miaka 21. Katika kundi letu zaidi ya nusu waliondoka. Wana familia, tunatembeleana.

Jambo moja aulize kabla hajajaza fomu yoyote: wakimpokea, watamsomesha ualimu kweli? Mashirika hupeleka watu kulingana na mahitaji. Mwenzangu aliyetamani ubao na chaki alipewa zahanati, na amekaa huko zaidi ya miaka ishirini. Kama anapenda kufundisha kuliko anavyopenda ile nadhiri ya utii, bora awe mwalimu wa kawaida, na nasema hivyo kwa heshima kabisa. Aende kwanza semina ya Njoo Uone, ambapo wasichana huonja maisha ya utawani kabla ya kuamua, wiki moja au mbili, na mzee aende naye siku ya kumpeleka. Baba yangu alinipeleka na debe la mahindi. Aliangalia zizi, akaangalia migomba ya masista, akang'oa majani mawili makavu, ndipo akaniambia, "Hapa utaweza."