Maswali yenu kuhusu Gustav Klimt na nakshi zake za dhahabu

Safari iliyopita niliweka hapa picha iitwayo "Busu" ya Gustav Klimt, mchoraji wa Austria. Maswali yamekuja mengi, nami nimefurahi. Najibu haya kwanza.

Shikamoo mwalimu. Ile dhahabu kwenye "Busu" ni rangi tu au dhahabu yenyewe?

Marahaba. Ni dhahabu yenyewe, iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi, ikabandikwa kwenye turubai. Kuna na fedha na platinamu, pamoja na rangi za mafuta. Picha ni mraba wa sentimita 180 kila upande, ya mwaka 1907 na 1908, na serikali ya Austria iliinunua hata kabla haijakamilika kabisa. Sasa iko jumba la Belvedere, Vienna. Ndiyo maana nakala za kwenye vikombe na mito zinatunyima nusu ya kazi: dhahabu hugeuka mng'ao kila unaposogea, karatasi haigeuki.

Itazame tena taratibu. Vazi la mwanamume limejaa mistatili myeusi na myeupe, la mwanamke lina miduara na maua. Mwili unaoonekana ni nyuso, mikono na miguu tu. Kwingine kote ni nakshi. Halafu shuka chini, vitazame vidole vya miguu ya yule mwanamke. Amepiga magoti ukingoni mwa bustani, vidole vimejikunja kana kwamba vinashikilia ukingo usimponyoke, na mbele yake hakuna ardhi tena. Wengi huiita picha ya raha. Mimi nikiviona vidole vile naona na hofu pia.

Alijifunza wapi kazi hiyo ya dhahabu?

Nyumbani aliiona tangu utotoni. Alizaliwa tarehe 14 Julai 1862 huko Baumgarten, karibu na Vienna, mtoto wa pili kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa kunakshi dhahabu, mtu wa Bohemia, na riziki ilikuwa ya kuungaunga. Klimt alipofika miaka 14 aliingia shule ya sanaa za ufundi, wanakofunzwa watu kupamba kuta na dari. Yeye, mdogo wake Ernst na mwenzao Franz Matsch wakawa wanachukua kazi za kupamba majumba ya maonyesho, na mwaka 1888 Kaisari Franz Josef akamtunuku Klimt nishani kwa michoro ya Burgtheater, jumba la maonyesho la Vienna. Miaka minne baadaye baba na Ernst wakafariki, wote ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka 1903 alikwenda Ravenna, Italia, mara mbili, akaziona mozaiki za kanisa la San Vitale: vipande vidogo vya kioo na dhahabu vilivyopangwa ukutani tangu karne ya 6. Ile miaka ya dhahabu tuijuayo ilishika kasi baada ya hapo.

Rafiki yangu anasema Klimt ni mpambaji tu, hana fikra. Unamjibuje?

Mwambie akaitazame picha ya Adele Bloch-Bauer ya mwaka 1907. Gauni limejaa pembetatu na macho, macho mengi ya mtindo wa Misri ya kale, na ndani yake zimefichwa herufi A na B za jina lake. Dhahabu imemmeza mwanamke mzima, zimebaki sura, mabega na mikono iliyojikunja bila utulivu. Hilo ni wazo, tena zito: mke wa tajiri ndani ya utajiri wake.

Fikra zilimponza pia. Alipoonyesha "Falsafa" mwaka 1900, mojawapo ya picha 3 alizoagizwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Vienna, maprofesa 87 walitia saini kuipinga. Walitaka ushindi wa elimu. Yeye aliwachorea binadamu wanaoelea gizani. Mwaka 1905 alirudisha fedha akachukua picha zake. Zote ziliteketea mwaka 1945 katika ngome ya Immendorf zilikohifadhiwa, na hasara ile inaniuma hadi leo.

Ni kweli aliwahi kumchora Mwafrika?

Kweli. Mwaka 1897 alimchora mwana wa mfalme kutoka Osu, Accra, ambayo leo ni Ghana. Mwaka huo watu wa Osu walipelekwa Vienna na kuwekwa hadharani ili umati ulipe kiingilio kuwatazama. Ni aibu, na lazima isemwe. Lakini Klimt alimchora kwa heshima, amegeuza uso upande, ametulia, na nyuma yake maua. Picha ilipotea machoni pa watu kwa miongo mingi, ikaonekana tena mwaka 2025 kwenye maonyesho ya Maastricht, Uholanzi. Yatazameni maua yale: nakshi za baadaye zinaanza kuchungulia.

Alioa?

Hakuoa. Mwenzi wake wa miaka mingi alikuwa Emilie Flöge, mbunifu wa mavazi aliyekuwa na duka la mitindo Vienna pamoja na dada zake. Kiangazi walikuwa wakienda Ziwa Attersee, naye Klimt akichora miti na maji.

Alikufaje, na aliacha nini?

Alipata kiharusi Januari 1918, akafariki tarehe 6 Februari akiwa na miaka 55. Katika karakana yake ilikutwa picha isiyokwisha, "Bibi Harusi". Upande wa kulia kuna msichana ambaye mwili wake umechorwa wazi wote, na juu ya mapaja sketi ndiyo kwanza imeanza kutiwa nakshi, duara hapa, mstari pale. Mwili alikuwa ameuchora kwanza kwa ukamilifu, akijua kabisa kwamba nakshi ingekuja kuufunika.