Uzi ukiponyoka, uzi ukibana: nilivyojifunza kuushika

Dada uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ni kama umeniandika mimi. Umesema una wiki tatu tangu uanze kufuma kwa kroshia, kila anayekuonyesha anazungusha uzi vidoleni kwa namna yake, na wewe ukimwiga uzi unakuponyoka. Ukiukaza, safu inayofuata sindano haipenyi. Unataka kujua ushikaji upi ndio wenyewe.

Hakuna ulio wenyewe. Nimekaa na wafumaji wenye kazi safi, na sijaona wawili wanaozungusha uzi sawasawa. Ila wote vidole vyao vinafanya kazi moja: uzi unatembea, lakini hautembei bure. Ni kama kamba ya ndoo unapoiteremsha kisimani. Hujaiachia, na hujaishikilia ikagoma. Inapita mkononi ikiwa na breki kidogo. Hiyo breki ndiyo unayoitafuta, na vidole gani viifanye ni hiari yako.

Mimi nilianza kwa kukaba. Uzi niliuviringisha mara tatu kwenye kidole cha shahada, nikaubana na vile vingine kama mtu aliyeshika nauli kwenye basi lililojaa. Vitanzi vikawa vidogo hata nikivuta sindano inalia "kwii", hasa sindano ya chuma na uzi wa akriliki. Mlio huo ukiusikia, ujue umekaza. Kidole nacho kilikuwa kinaachwa na alama nyekundu.

Aliyenitoa huko ni shangazi yangu, wala hakunifundisha mshono. Aliniambia niweke sindano chini, nishike uzi vile ninavyoushika siku zote, kisha akaanza kuuvuta taratibu kutoka upande wa kazi. Haukutoka. Donge la uzi lilibaki pale pale na mkono wangu mzima ukamfuata. "Sasa sindano itaupata wapi?" Akanipunguzia mizunguko mpaka akawa anavuta uzi unakuja, lakini akiacha hauanguki.

Fanya jaribio hilo hilo leo kabla ya kufuma chochote. Anza hivi: uzi utoke kwenye donge, upite kati ya kidole kidogo na cha pete vya mkono usioshika sindano, ukizunguke kidole kidogo mara moja, upite chini ya vidole viwili vya kati, kisha upande juu ya kidole cha shahada. Vuta kwa mkono mwingine. Ukitiririka kama maji, ongeza mzunguko mmoja kwenye kidole kidogo. Ukigoma, ondoa mzunguko, uupitishe tu katikati ya vidole. Wenye viganja vinavyotoa jasho huhitaji mizunguko michache, maana uzi unanata wenyewe. Wenye viganja vikavu, au wanaotumia uzi unaoteleza, huhitaji zaidi. Ndiyo maana ukimwiga mwalimu wako kidole kwa kidole bado unakwama: ngozi yake si yako.

Halafu kuna vidole ambavyo hakuna anayevitaja. Kidole gumba na cha kati vya mkono huo huo wa uzi kazi yao ni kushika kile unachofuma, karibu kabisa na sindano ilipo. Kila mishono miwili mitatu visogeze vifuate. Mimi nilikuwa naviacha nyuma kule mwanzo wa safu, kazi inaning'inia na kuzunguka, halafu nailaumu breki ya uzi. Wengi wanaosema "uzi wangu umelegea" kwa kweli uzi hauna tatizo. Kazi ndiyo haijashikwa.

Kidole cha shahada nacho kiangalie. Kati yake na sindano acha uzi wa kama sentimita tano. Kadiri unavyofuma kipande hicho kinafupika, na kidole kinavutwa kuelekea sindano. Hapo ndipo mishono inapoanza kubana bila wewe kujua. Dawa yake si kuvuta uzi kwa mkono wa sindano. Nyoosha hicho cha shahada juu kidogo, uzi mwingine uje, urudi kwenye sentimita zako tano.

Sasa niseme jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshafumua mara nyingi. Ukubwa wa kitanzi haupimwi na vidole, unapimwa na sindano. Itazame sindano yako ya kroshia. Ina kichwa chenye ndoano, kisha shingo inayopungua, kisha sehemu iliyo sawa yenye unene mmoja, kabla ya pale unaposhika. Ile namba iliyoandikwa, tuseme milimita 5, ni unene wa hiyo sehemu iliyo sawa. Mtu akifuma vitanzi vikiwa vimekaa shingoni, ametumia sindano nyembamba kuliko aliyonunua, na safu inayofuata kichwa hakipiti. Kwa hiyo ukishavuta uzi, telezesha kitanzi mpaka kwenye unene kamili, ndipo uendelee. Mara ya kwanza utajiona mzembe. Baada ya siku chache mkono unafanya wenyewe.

Hapo hapo pana tofauti nyingine ndogo. Ukishaingiza sindano kwenye mshono na kuvuta kitanzi cha kwanza, sindano yako inaelekea wapi? Wapo wanaoikandamiza chini, mshono unakuwa mfupi na mgumu. Wapo wanaoinyanyua juu, mshono unarefuka na kulegea. Wapo wanaoiacha ilipo. Wote watatu wanaweza kushika uzi sawa, wakatumia sindano moja na donge moja, vitambaa vikatoka urefu tofauti. Hakuna aliyekosea. Mbaya ni kunyanyua mshono huu na kukandamiza ule. Fuma mishono kumi ukiitazama sindano tu, utajijua wewe ni wa aina gani.

Mnyororo wa mwanzo, yaani ule mstari wa vitanzi unaoanzia kazi, ndio unaowakatisha tamaa wengi, maana haujashikwa na kitu na kila mtu anaukaza. Kwa mnyororo tu tumia sindano nene kidogo, kama unafumia ya milimita 5 basi chukua ya 5.5 au 6, kisha rudi kwenye yako. Si kudanganya, hata wazoefu wanafanya.

Usichanganye pia mambo mawili. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa chembamba chini, kipana juu, idadi ya mishono ikiwa ile ile. Huo ulikuwa mkazo: nilianza kwa woga nikaja kulegea. Cha pili kikawa kinapungua kadiri kinavyopanda. Nikahangaika na vidole wiki nzima, kumbe nilikuwa naruka mshono wa mwisho wa kila safu. Hesabu kwanza. Ikiwa ulianza na 20 na sasa una 17, vidole vyako havina kosa.

Kuhusu uzi wenyewe: wa unene wa kati, laini usio na manyoya, rangi angavu. Mweusi uache kabisa kwa sasa, huoni unapoingiza sindano na usipoona utakaza. Kabla ya kukaa, vuta uzi wa kutosha kutoka kwenye donge uulaze mapajani. Donge likijivuta sakafuni lenyewe ni breki ya pili, na hiyo huwezi kuidhibiti.

Sindano uishike kama kalamu au kama kisu, shauri yako. Mimi ni wa kisu. Nilijaribu kalamu kwa sababu niliambiwa ndiyo ya kistaarabu, kifundo cha mkono kikanikataa. Kikianza kuuma, weka chini, upumzike. Na kama unafumia kushoto, geuza yote haya: uzi kulia, sindano kushoto, hakuna kingine kinachobadilika.

Wiki hii usifume kitu cha kumpa mtu. Fuma mishono 20, safu 15, mshono mfupi tu (ingiza sindano, vuta kitanzi, kisha vuta uzi upite vitanzi vyote viwili), kila siku kipande kipya, na cha jana usikifumue. Vipange mezani siku ya saba kwa mpangilio, kisha pima upana wa kila kimoja chini na juu kwa rula, utuletee vipimo hapa. Tukiviona tutajua kama ni vidole, sindano au hesabu.