Arbeidsongeschiktheidsverzekering: anzia mkiani

Mkuu, umeuliza hili neno la Kiholanzi la herufi 33 linagawanywaje, maana kila ukikutana nalo unaliruka. Hata mimi niliruka karibu mwaka mzima. Nilikuja Rotterdam kupaka rangi nyumba, nikajiajiri, na huku ukijiajiri lazima likukute tu: ni bima inayokulipa ukiumwa au ukiumia ukashindwa kufanya kazi.

Kosa langu lilikuwa kulisoma kuanzia mbele. Verzekering, kule mkiani, ndiyo bima yenyewe. Mengine yote yanaeleza ni bima gani. Ndiyo maana neno zima linabeba de, kile kijineno cha Kiholanzi kinachotangulia nomino, kwa kuwa ni de verzekering, na wingi unaonekana hapohapo mwisho: verzekeringen. Rudi nyuma kidogo. Geschikt ni kufaa, on- inakanusha, -heid inafanya kazi ya u- yetu ya "uzuri", ila wao wanaibandika nyuma. Arbeid ni kazi. Basi: bima ya kutofaa kwa kazi. Zile s mbili, baada ya arbeid na baada ya heid, hazina maana yoyote, ni uzi wa kushonea.

Silabi ni kumi: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring.

Sasa ulimi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nami nilikuwa nasema verzeKEring. Nikapiga simu kampuni moja ya bima, dada wa upande wa pili kimya, kisha akaniomba nimtajie herufi mojamoja. Zote 33, na salio linakatika! Kumbe ni verZEkering, na kwenye neno zima mkazo mkubwa uko kwenye AR, mwanzoni kabisa.

D ya arbeid ikikaa mbele ya s inasikika t, "arbeits". V ikifuata s inageuka f: "heits-fer". E ya ge na ya ver inamezwa. Sch si "sh" hata kidogo, ni s halafu kh ya "Khamis". Sisi wa Tanga hapo hatuna shida. Ila usiichomeke i ya kusaidia ukasema "skikiti". Ishie kwenye t kavu.

Kilichonifurahisha ni n na g, zinakutana mara mbili. Kwenye on-ge kuna ukuta katikati: on, kisha ge yenye gh ya "ghali" (wengi wa Rotterdam wanaikwaruza hadi iwe kh). Kwenye ring ni sauti moja, ng' ya ng'ombe. Mwandiko wao hauna alama ya kutenganisha kama yetu, itabidi ujue kwamba on- ni kiambishi. Kwa hiyo livunje kwa maana kwanza, silabi zitajipanga zenyewe.

Nilijifunza juu ya ngazi, brashi mkononi, naongeza kutoka nyuma: verzekering, ongeschiktheidsverzekering, halafu zima. Siku lilipotoka lote bila kukwama, fundi mwenzangu Mholanzi akacheka. "Sisi tunasema AOV," akaniambia. Hata sheria yao ya 1966 yenye neno hili ndani ya jina lake waliifupisha ikawa WAO.