Re: Mpira wa basketi umenigonga kidole, ncha imelala, nisubiri?
Mkuu usisubiri, nenda hospitali leo au kesho. Kama ncha imelala na ukijaribu kuinyoosha yenyewe haiendi, kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) inayonyoosha imekatika au imeng'oka na kipande cha mfupa, ndo maana unahitaji eksirei, na hao wanaotaka kukivuta au kukichua kidole waambie asante tu, usiwaruhusu. Wakikuta ni kano peke yake mara nyingi wanakufunga kibao kidogo, kidole kinyooke wiki 6 mpaka 8 usiku na mchana, na hapo ndo wengi wanafeli, ukikikunja hata bafuni mara moja unaanza kuhesabu upya. Saizi vua pete kabla hakijavimba zaidi, weka barafu kwenye kitambaa. Ila kama ncha haikunjiki, kama inavyotokea ukivuta jezi ya mtu kidole kikanasa, hiyo haraka zaidi, mara nyingi ni oparesheni.