Hizo mia aliandika nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, muumini wa kawaida anaweza kuielewa Biblia bila mwalimu?", limenikera kidogo, ndiyo maana naandika barua badala ya kutuma ujumbe wa mstari mmoja. Mmeuliza kana kwamba mtu hujifungia chumbani na Biblia yake. Huku kwetu nani ana nafasi hiyo? Biblia ni moja nyumba nzima, taa ya sola inagombaniwa na watoto wa shule, na anayesoma huwasomea wengine. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikijibu la kwangu: tunasoma na nani, na nani ana ruhusa ya kuuliza?

Mimi ni wa upande wa Ndanda, Mtwara. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda 1906. Wenzetu Waanglikana wa Masasi wametutangulia, wao wapo tangu 1876. Wazee wetu wengi walizijua herufi kwenye shule za misheni wakijiandaa kubatizwa. Kusoma walifundishwa vizuri. Maana ya kilichosomwa ilitoka kwa mwalimu wa dini, nao wakaipokea. Mazoea hayo tunayo hadi leo: somo halijakaa hata dakika moja, mwalimu keshaeleza. Ndiyo maana jibu langu la haraka kwenu lilikuwa "ndiyo, anaweza, tena bora mwalimu angenyamaza".

Septemba 2019, Dominika ya 25 ya Mwaka C, Injili ni Luka 16, yule wakili dhalimu. Mnaikumbuka. Tajiri anasikia wakili wake, yaani msimamizi wa mali yake, anatapanya mali, anamwambia alete hesabu, kazi basi. Wakili anajiona kulima hawezi, kuomba anaona aibu. Anawaita wadeni wa bwana wake: wewe unadaiwa vipimo mia vya mafuta, kaa upesi uandike hamsini; wewe mia za ngano, andika themanini. Na bwana, badala ya kumpeleka polisi, anamsifu. Nimeisikia tangu utoto, na kila padre anapoifikia huwa anapunguza mwendo kama dereva aliyeona trafiki.

Jumuiya yetu, yaani familia za Kikatoliki za jirani, inakutana kwa zamu majumbani, wiki hiyo ilikuwa kwa mama mmoja ambaye mumewe ni Muislamu. Kusini si habari. Mzee yule aliwahi kuwa karani wa ghala kwenye chama cha msingi cha ushirika. Sisi tulikuwa kwenye mikeka uani, yeye kakaa barazani anashona magunia kwa shazia, msimu wa korosho umekaribia. Na msimu wenyewe mnajua ulivyokuwa. Mwaka uliotangulia serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba korosho, ukafuata uhakiki wa mashamba ili kuwanasa wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa vipimo vyao. Neno "hesabu" mwaka ule halikuwa la kwenye Injili tu.

Somo likasomwa mara mbili, kama desturi. Katekista akafungua kijitabu chake, akasema Yesu anatufundisha tuwe na busara katika mambo ya mbinguni kama watu wa dunia walivyo na busara katika mambo yao. Sawa. Kwa kawaida hapo tungeingia kwenye maombi na michango.

Bibi mmoja akauliza, "Mwalimu, hizo mia aliandika nani?"

"Bibi, ni mfano tu."

"Nimesikia ni mfano. Nauliza, mdeni alichukua mia, au alichukua pungufu wakamwandikia mia?"

Watu wakacheka, lakini si cheko la dharau. Kila mtu pale alijua anachouliza. Mwezi wa sita mikorosho inataka dawa ya salfa, mfukoni huna kitu, mtoto anadaiwa mchango shuleni. Mtu anakuletea hela au mfuko wa salfa, na kwenye daftari lake hakuandiki hela, anakuandika korosho. Msimu ukifika anakuja na kipimo chake, kinaitwa kilo lakini kinakula zaidi ya kilo, tena kinajazwa kwa kilele. Ukipiga hesabu, ulichochukua na ulichorudisha havifahamiani. Bibi alikuwa ametoka kuahidi gunia zake kwa namna hiyohiyo, ingawa hilo hakulisema pale, nami sikupaswa kulijua.

Katekista akasema Maandiko hayaelezi. Ndipo yule mzee akasema kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye gunia lake: "Hiyo riba, mwalimu. Wakili kaondoa cha juu, karudisha deni la asili. Kwetu riba haramu. Kwenu haikukatazwa?"

Kimya. Katekista wetu si mtu wa kubabaika, alikaa Ndanda kwa mafunzo yake, lakini pale alifunga kijitabu akaanza kupekua Biblia yenyewe. Akapata Kutoka 22:25, usimtoze riba maskini wa watu wangu. Akaenda Walawi 25, akaenda Kumbukumbu la Torati 23. Anasoma kwa sauti, huku bibi anasema "eeh" kila mstari. Giza likaingia, wakaleta simu kummulikia. Mama mwenye nyumba akasahau chai jikoni ikachemka mpaka ikamwagika jikoni kote, na hakuna aliyeondoka. Kijana mmoja, ambaye wote tunamjua ana kipimo nyumbani, alikaa kaangalia chini muda wote, kisha akauliza kama wakili alisamehewa au alisifiwa tu. Nalo ni swali zuri. Luka anasema alisifiwa.

Baadaye padre, tulipompelekea habari hiyo, alisema wapo wafasiri wanaolisoma hivyohivyo: kwamba hati za deni zilificha riba kwa kuandika mali badala ya fedha, na wakili alipunguza hicho kilichofichwa. Akaongeza kwamba wapo wanaokataa, maana Luka mwenyewe hataji riba popote, na anamwita wakili dhalimu. Nakubali. Sisi wakulima wa korosho tuna haraka ya kumfanya yule wakili kuwa mtu wetu.

Sasa nimefika hapa na lile "ndiyo" langu limelegea. Bila bibi swali lisingeulizwa, na bila mzee wa barazani tusingejua linaelekea wapi. Lakini kwenye ile mikeka mtu aliyejua Kutoka 22 iko wapi na inasema nini alikuwa mmoja tu, naye ni mwalimu. Bila yeye tungerudi nyumbani na kisa cha kangomba tukakiita Injili. Najua mtanitajia towashi wa Kushi katika Matendo 8, aliyesema hawezi kuelewa mtu asipomwongoza. Mtajeni, ila someni tangu mstari wa 30: Filipo alimsikia kwanza anasoma, akauliza, akaanza kumweleza kuanzia andiko lilelile lililokuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo kama mnahesabu kura, niandikeni "hapana, mwalimu anahitajika", pamoja na sharti kwamba asiwe wa kwanza kusema. Hata sharti hilo silishikilii sana, kwa sababu ya wiki iliyofuata. Injili ilikuwa tajiri na Lazaro, Luka hiyohiyo sura ya 16. Katekista, akiwa amejifunza, alinyamaza akatungoja sisi. Hakuna aliyeuliza kitu. Tajiri ni wale wa mjini, Lazaro ni sisi, imekwisha. Tukapitisha kikapu, tukajadili mabati ya kigango, na kabla ya saa kumi na mbili jioni kila mtu alikuwa kwake.

Msomaji, Ndanda